Jua Kitu Kabla Hujajua Bei

Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosikika redioni.



Hapa mezani pangu pana sarafu moja ya rangi ya dhahabu. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini yake mwaka 1916 pamoja na herufi T. Kazi yake ni kuzuia makaratasi yangu yasipeperushwe na feni. Niliinunua kwa dola 250 za Kimarekani, yaani kama shilingi 580,000 za wakati ule. Sidhani kama katika jengo hili zima kuna kizuia karatasi cha bei kubwa kuliko hiki, ofisi ya mkurugenzi ikiwamo.

Nimeikumbuka kwa sababu juma lililopita kijana mmoja aliniletea barua. Anasema amekuwa akikusanya stempu tangu shule ya msingi, na sasa amegundua kwamba katika minada ya intaneti zinauzwa stempu za zamani za Zanzibar, noti za rupia ambazo Serikali ya Zanzibar ilianza kuzitoa mwaka 1908, hata pesa za Mombasa za mwaka 1888 zenye jina la ile kampuni ya Waingereza. Ameweka akiba. Anauliza: je, kununua huko ni salama?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana kununua kwa usalama, na watu wengi hununua. Jibu refu ndilo mazungumzo yetu ya leo, na linaanzia Tabora.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani ya koloni la Wajerumani, na sarafu zilizokuwa zikiletwa kutoka Ulaya zikawa haziingii. Askari wanataka mshahara, wapagazi wanataka posho, na wenye maduka hawaziamini noti za karatasi. Wajerumani wakaamua kupiga sarafu humu humu nchini, katika karakana ya reli ya Tabora. Walipiga za shaba kwa wingi. Kisha, mwaka 1916, wakapiga na ya dhahabu, ya rupia 15. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, sehemu za Singida. Zilipigwa 16,198 tu. Septemba ya mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji, na sarafu ile haikupigwa tena.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kereza katika reli huko huko Tabora. Alipoanza kazi akiwa kijana, wazee wa karakana walikuwa bado wanasimulia habari za dhahabu ya tembo. Siku moja sonara mmoja wa mjini alimwonyesha moja, akamwachia aishike kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mjomba hakuisahau. Miaka sitini baadaye, amekwisha staafu, macho yamefifia, alikuwa bado anatusimulia uzito wake kiganjani. Mimi nikajiwekea nadhiri kwamba kabla hajafumba macho nitamtafutia aishike tena.

Mwezi Aprili mwaka 2022 nikaingia katika mnada mmoja wa intaneti. Sarafu niliiona, nikatangaza dau langu la dola 250, na katika dakika chache watu wakanipita kama basi la mikoani linavyompita mwenye baiskeli. Iliuzwa kwa maelfu ya dola. Nikafunga kompyuta, nikakubali yaishe.

Siku mbili baadaye nikapata barua pepe. Mwandishi, kwa lugha tamu kabisa, alisema aliona jinsi nilivyoikosa ile sarafu na akanionea huruma. Yeye anayo nyingine, imechakaa kidogo, na yuko tayari kunipa kwa hizo hizo dola 250. Ila tumalizane wenyewe kwa wenyewe, nje ya mnada, ili tukwepe makato. Nimtumie fedha kwa wakala, kwa jina na mji aliouandika.

Ndugu msikilizaji, mimi ndiye niliyesimama mbele ya kipaza sauti hiki mara ngapi sijui, nikiwaonya watu juu ya ule ujumbe wa simu usemao “ile hela tuma kwenye namba hii.” Nimewacheka waliotuma. Na barua ile ya sarafu ilikuwa nini kama si ujumbe ule ule, ila umevaa suti? Nikatuma. Fedha yenyewe, mke wangu asikie leo kwa mara ya pili, ilikuwa ya mabati ya uani.

Baada ya wiki tano bahasha ikafika Posta. Nilifurahi hata sikungoja. Nikapanda treni kwenda Tabora, sarafu nimeifunga katika leso. Mjomba alikaa barazani. Nikamwekea kiganjani. Aliifunga ngumi, akaifungua. Akaipima hivi, juu chini, kama mtu anayepima karanga sokoni. Akaigonga kwenye sakafu ya saruji, akatega sikio. Kisha akanyamaza kwa kitambo.

“Mjomba,” akaniambia, maana ndivyo tulivyoitana, “fedha uliyotoa ilikuwa nyingi?”

Nikamdanganya. Nikasema kidogo tu.

“Afadhali,” akasema. “Maana fundi hununua chuma kwa mkono, hanunui kwa jicho. Hii ni nyepesi.”

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda kwa sonara wa Kariakoo. Akaiweka kwenye mzani mdogo: gramu 4 na ushei. Shaba ya manjano, imepakwa dhahabu nje. Na hapo ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kutuma hata senti moja. Nilitafuta maelezo ya sarafu yenyewe. Yanapatikana bure, katika vitabu na katika intaneti hiyo hiyo. Sarafu ya kweli ya Tabora ina uzito wa gramu 7.168. Katika kila sehemu nne, tatu ni dhahabu safi, yaani gramu 5 na robo hivi na zaidi. Mwezi ule wa Aprili dhahabu hiyo peke yake, hata ungeiyeyusha ukamuuzia mtengeneza pete, ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 300. Mtu aniuzie kwa dola 250 kitu ambacho akikiyeyusha anapata 300, kwa sababu tu amenionea huruma! Swali hilo lingenitosha. Sikujiuliza, kwa sababu nilianza na bei. Nilijua bei kabla sijakijua kitu.

Basi, kijana wangu wa stempu, hilo ndilo la kwanza na ndilo mama wa mengine yote: jua kitu kabla hujajua bei. Kama ni sarafu, jua uzito wake, upana wake, madini yake, na alama zake ndogo ndogo. Kama ni stempu, jua karatasi yake, meno yake ya pembeni na rangi ya wino. Kama ni noti, jua saini zilizomo na tarehe. Mwenye kuyajua haya haibiwi kwa urahisi hata akiwa maskini, na asiyeyajua huibiwa hata akiwa waziri.

La pili ni kumjua muuzaji. Minada mikubwa ya intaneti ina utaratibu wa wanunuzi kumwandikia muuzaji sifa zake, nzuri au mbaya. Ule mnada mashuhuri wa eBay, ulioanzishwa California mwaka 1995, ulianza utaratibu huo mapema kabisa, kwa sababu mwanzilishi wake alitambua kwamba watu wasioonana hawawezi kuuziana bila kuwepo kitu cha kushika nafasi ya jirani anayekufahamu. Ni utaratibu mzuri. Lakini usiishie kuhesabu sifa. Soma mtu huyu alisifiwa kwa kuuza nini. Wako wanaouza vifuniko vya simu mia mbili, vya dola moja moja, wakajaza sifa kama mtungi, kisha siku moja wakatandika dhahabu. Aliyesifiwa kwa kuuza vitumbua hajasifiwa kwa kuuza ng’ombe.

Mwulize maswali pia. Mwambie akupigie picha nyingine, sarafu ikiwa juu ya mzani, au stempu ikiwa juu ya gazeti la siku hiyo. Picha nyingi za matapeli zimeibwa kwa wauzaji wa kweli. Mwenye kitu mkononi hashindwi kukipiga picha. Asiye nacho atakuambia kamera imeharibika, au shangazi yake amelazwa.

La tatu ni wale wanaoshindana nawe. Hapa mjini nani asiyeijua kamari ya karata tatu? Unamwona mtu anacheza, anashinda noti, anaruka kwa furaha. Nawe unadhani ni mpita njia mwenzako, kumbe ni mtu wao. Katika minada ya intaneti mchezo huo upo. Muuzaji, au rafiki yake, anaingia kwa jina jingine na kupandisha dau ili wewe upandishe zaidi.

Mfano uliotangazwa dunia nzima ni wa mwaka 2000 huko Marekani. Mwanasheria mmoja wa Sacramento, Kenneth Walton, aliweka katika mnada wa eBay mchoro wa rangi wenye herufi RD na 52. Hakusema umechorwa na nani. Alijifanya mtu wa kawaida asiyejua kitu, aliyeuokota picha hiyo katika mauzo ya vitu vikuukuu. Wanunuzi wakajiambia wenyewe kwamba huyu mjinga hajui alicho nacho, hizo ni herufi za Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri aliyefariki mwaka 1993. Dau lilianzia senti 25, likafika dola 135,805. Mnunuzi alikuwa mtu wa Uholanzi. Ndipo ikagundulika kwamba muuzaji mwenyewe alikuwa ametangaza dau kwa jina jingine, na kwamba yeye na wenzake walikuwa na mazoea ya kupandishiana bei. Mauzo yakafutwa. Mwaka 2001 Walton alikiri makosa mahakamani, na baadaye akakiri pia kwamba herufi zile aliziandika mwenyewe.

Angalia, msikilizaji, jinsi mtego ule ulivyotegwa. Hakuwaambia watu uongo mkubwa. Aliwaachia nafasi ya kujiona wao ni werevu kuliko yeye. Tamaa ya kumpunja mjinga ndiyo iliyowaingiza. Nami, nilipokubali kumnunulia mjomba dhahabu kwa bei isiyofikia dhahabu yenyewe, nilikuwa nadhani nampunja nani?

La nne ni dau lako mwenyewe. Dalali wa mnadani anajua kwamba mtu akishatamka bei mara tatu, anaanza kuona kile kitu ni chake na wengine wanataka kumnyang’anya. Kompyuta inajua hivyo hivyo, na tena inakuhesabia sekunde. Dawa yake ni karatasi na kalamu. Kabla hujaingia, andika kiwango chako cha mwisho. Ndani ya kiwango hicho weka gharama ya posta, bima ya kifurushi, ushuru wa forodha na kodi, pamoja na ada ya mnada pale inapotozwa kwa mnunuzi, maana katika nyumba nyingine za mnada ada hiyo huwa ni zaidi ya asilimia 20 ya bei. Karatasi hiyo mwonyeshe mwenzio wa nyumbani. Minada mingi inakuruhusu kuandika kiwango chako cha mwisho mara moja tu, nayo kompyuta inakupandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda, bila kukipita. Andika, kisha ondoka ukalale. Ukiamka umekosa, umekosa kwa bei ambayo hukuwa nayo, na hiyo si hasara.

La tano ndilo lililoniua mimi: usitoke nje ya mnada. Mnada ukiisha, lipa kwa njia iliyowekwa na mnada wenyewe. Katika eBay, kwa mfano, mnunuzi ambaye kitu hakikumfikia, au kimefika sicho, ana siku 30 za kulalamika na kurudishiwa fedha, ilimradi alilipa ndani ya utaratibu. Akishalipa kando, kwa wakala au kwa namba ya simu, hana wa kumshika. Niliandika kuulalamikia mnada nilioingia. Walinijibu kwa adabu kwamba hawakuona mauzo yoyote baina yangu na mtu yeyote. Walikuwa sahihi. Hayakuwepo. Nilikuwa nimempelekea mgeni zawadi.

Makato yale niliyokwenda kuyakwepa ndiyo yaliyokuwa ulinzi wangu. Mtu akikuambia mkwepe makato, anakuambia mkwepe askari.

La sita, kwa vitu vya bei kubwa, tafuta jicho la mtu wa tatu. Kwa upande wa sarafu zipo kampuni za Marekani, kama PCGS na NGC, ambazo kazi yake ni kuichunguza sarafu, kuipa daraja, na kuifungia katika kasha la plastiki lenye namba. Lakini hata makasha siku hizi yanaghushiwa. Kwa hiyo ichukue ile namba, iingize mwenyewe katika orodha ya kampuni, na kama kuna picha, ilinganishe na unayouziwa. Mkwaruzo mmoja shavuni mwa tembo ukitofautiana, usilipe.

Na kifurushi kikifika, kifungue mbele ya shahidi huku ukipiga picha. Kipime siku hiyo hiyo. Usifanye kama mimi, kwenda kusherehekea kwanza halafu mzani baadaye.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa wale ambao hawanunui bali wanataka kuuza. Katika mitaa yetu kuna maneno mengi juu ya rupia na mali za Mjerumani. Wapo wanaochimba mashimo, wapo wanaotoa kamisheni kwa mtu anayedai ana mnunuzi Ulaya. Mnunuzi wa kweli hakuombi utangulize fedha ili akupe fedha. Na si kila kitu cha kale ni halali kukiuza nje. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuvitoa nchini bila kibali. Kuhusu pembe za ndovu, biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na mataifa mwaka 1989, na mnada wa eBay wenyewe ulizikataa tangu mwaka 2009. Ukiona bangili ya pembe inauzwa mahali fulani kwa jina la “mfupa wa kale,” pita kando, wala usiulize bei.

Je, baada ya haya yote namwambia kijana wetu aache? Hapana. Kukusanya vitu vya kale ni elimu. Stempu moja ya Zanzibar inaweza kumfundisha mtoto historia ya usultani, ya ulinzi wa Waingereza na ya Mapinduzi, kwa kuangalia tu ni nini kilichogongwa juu ya sura ya nani. Na minada hii ya intaneti imefungua mlango ambao zamani ulikuwa wa matajiri wa London peke yao. Mtoto wa Buguruni anaweza leo kununua kipande cha historia ya nchi yake kilichochukuliwa na babu wa mtu mwingine, akakirudisha nyumbani. Hilo ni jambo jema. Aanze na stempu za bei ya chai, akosee kwa bei ya chai, ajifunze. Vya bei ya mabati vitamsubiri.

Mjomba alifariki mwaka 2023. Hakuishika tena dhahabu ya Tabora. Nilipokwenda mazikoni, binti yake alinirudishia leso yangu. Ndani yake mlikuwa na ile sarafu ya shaba. Kumbe siku ile niliporudi nayo kutoka kwa sonara na kumpigia simu kumweleza ukweli wote, bei ikiwamo, aliniambia nimtumie, na mimi nikamtumia bila kuuliza sababu. Binti yake akanieleza. Mzee alikuwa akiwaonyesha vijana wa jirani waliokuja kumsalimu. Anamwekea mmoja mmoja kiganjani na kumwuliza: “Unasikia nini?” Kijana akisema, nasikia dhahabu, mzee anacheka mpaka anakohoa. Akisema, nyepesi, anamwambia, “Wewe utafika.”

Ndiyo maana sijaitupa. Kila ninapoinua karatasi zangu kuja kuzungumza nanyi, kwanza naishika. Ni nyepesi. Nasi tukutane wiki ijayo, inshallah.